Ajali Haina Kinga, Lakini Jeraha Linayo

Katika barza zetu, misibani na kwenye mabenchi ya wodi za majeruhi, ni nadra kupita siku bila kusikika kauli isemayo kwamba ajali haina kinga. Huitamka mzee anapompa mkono wa taazia jirani aliyefiwa na kijana wake, huitamka dereva anayejitetea mbele ya askari wa usalama barabarani, na aghalabu huitamka majeruhi mwenyewe, ili moyo wake upate mahali pa kutulia. Wala si kauli ya kubezwa, maana inamkumbusha mwanadamu kwamba hakukabidhiwa funguo za mambo ya ghaibu, na kwamba atokapo nyumbani asubuhi hana hati ya kumdhamini kurejea jioni. Taksiri yetu ni kuiacha kauli hiyo ifunike mambo mawili yaliyo mbalimbali: tukio la kugongana au kuanguka, ambalo huenda kweli likaja bila kubisha hodi, na jeraha lifuatalo baada yake, ambalo lina sababu, lina kipimo, na linatii kanuni za maumbile zile zile zinazotiiwa na jiwe liangukalo. Jambo ambalo sababu yake yajulikana na kipimo chake kimepatikana, hilo lina kinga.

Ipo elimu iliyosimama juu ya tofauti hiyo, nayo ni tawi la uhandisi tiba, elimu inayouoanisha ufundi wa mitambo na maarifa ya mwili wa binadamu. Wengi wetu twamjua mhandisi tiba kwa kazi yake ya hospitalini, ya kutunza mashine za eksirei na za kusafisha figo. Lakini wapo wenzake ambao kazi yao ni kumzuia mtu asifike hospitalini kabisa. Hao huuliza: mfupa huu, mbavu hizi, ubongo huu, vyaweza kuhimili nguvu kiasi gani, na kwa muda gani, kabla ya kuvunjika au kuchanika? Wakishapata jibu, hutafuta kitu cha kuweka baina ya mwili na nguvu hiyo.

Miongoni mwa walioanza kuuliza hivyo alikuwa Hugh DeHaven, Mmarekani aliyenusurika ndege mbili zilipogongana angani mwaka 1917, akiwa mwanafunzi wa urubani, ambaye baada ya kupona hakukubali kuambiwa kwamba alikuwa na bahati tu. Mwaka 1942 alitoa uchunguzi wake juu ya watu walioanguka kutoka kimo cha futi 50 hadi 150 wakaishi, akabainisha kwamba waliokoka kwa sababu kilichowapokea chini kilibonyea, kikaisambaza nguvu ya mwanguko mahali papana na kuirefushia muda wake. Baada yake akaja John Stapp, tabibu wa jeshi la anga la Marekani, aliyeutoa mwili wake mwenyewe uwe kipimo. Tarehe 10 Desemba 1954, huko Holloman katika jimbo la New Mexico, alifungwa barabara kwenye kiti juu ya gari la roketi lililokwenda kwa mwendo wa kilomita 1,017 kwa saa, kisha likasimamishwa kwa muda usiotimia sekunde mbili, naye akapata nguvu iliyozidi mara 46 uzito wa mwili wake. Macho yake yalivia damu na kwa kitambo hakuona, lakini aliishi, akafa mzee. Kwa ushahidi huo ikathibitika kwamba mwili wa binadamu ni madhubuti kuliko tulivyoudhania, maadamu nguvu inayoujia imegawanywa vizuri, na kwamba wengi waliokufa barabarani waliuawa na usukani, na kioo, na lami iliyowapokea bila huruma, wala si na mwendo peke yake.

Katika viungo vyote vya mwili, kichwa ndicho kilichodai bidii kubwa kuliko vyote, kwa kuwa mfupa wa mguu ukivunjika huungwa, ilhali ubongo ukisagika hakuna fundi wa kuurejesha ulivyokuwa. Na historia ya kinga ya kichwa ina mwanzo unaojulikana. Mnamo tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, yule askari wa Kiingereza aliyepata umaarufu kwa vita vya Waarabu dhidi ya dola ya Uturuki, alikuwa akiendesha pikipiki katika mkoa wa Dorset, akawakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akarushwa. Alilala siku sita bila fahamu, akafariki akiwa na umri wa miaka 46. Miongoni mwa matabibu walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia na bingwa wa upasuaji wa ubongo, ambaye alifika akakuta kazi ya kisu imekwisha pita.

Cairns hakuuacha msiba ule upite hivi hivi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, na jeshi la Uingereza likawa linapoteza matarishi wake wa pikipiki njiani kabla hata ya kumwona adui, alikusanya habari za vifo na za majeruhi, akachapisha matokeo yake mwezi Oktoba 1941 katika jarida la matabibu wa Uingereza. Alionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wameuawa barabarani, na kwamba wale wachache aliowapata ambao walianguka wakiwa wamevaa kofia ngumu waliumia kidogo kuliko ilivyotazamiwa. Idadi ya waliovaa kofia ilikuwa saba tu, lakini jeshi halikungoja hesabu ipevuke. Mwezi uliofuata likaamuru matarishi wake wote wavae kofia. Raia wa nchi ile walisubiri hadi mwaka 1973 ndipo sheria ikawalazimu, na Cairns mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki miaka 21 kabla yake.

Inafaa hapa tuishike kofia yenyewe mikononi, tuifungue, tuone hikima iliyomo, maana wengi wanaoivaa huamini kwamba kinachowaokoa ni ule ugumu wa nje. Gamba la nje, liwe la plastiki au la nyuzi za kioo, lina kazi ya kuzuia kitu chenye ncha kisipenye na kuutandaza mshindo mahali papana. Kitambaa laini kinachogusa nywele ni cha kumstarehesha mvaaji tu. Muokozi mwenyewe amekaa katikati, naye ni ile sponji ngumu nyeupe, nyepesi isiyo na thamani machoni, ambayo hufungiwa pembeni mwa televisheni mpya ndani ya boksi. Wamarekani wawili, Herman Roth na Charles Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California, ndio waliopata hataza mwaka 1953 ya kofia yenye tabaka la ndani la kusagika. Kazi ya sponji hiyo ni kufa badala ya kichwa: vijitundu vyake vyenye hewa husagika kimoja baada ya kingine, na katika kusagika huila nishati ambayo ingeliishia kwenye fuvu. Kwa sababu hiyo kofia iliyokwisha kupata mshindo mkubwa haifai tena, hata kama gamba lake bado linang'aa, maana sponji iliyosagika hairudi ilivyokuwa.

Hesabu yake ni nyepesi, na kila mwanafunzi wa fizikia aweza kuifanya. Kichwa kilichoanguka kutoka kimo cha karibu mita 3 hufika chini kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa, na huo ndio mwendo ambao Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa iliutumia kwa miaka mingi kuzipima kofia za pikipiki maabarani. Kichwa hicho kikilazimishwa kusimama ndani ya milimita 3 tu, kama inavyokuwa kikikutana na lami, kitapatwa na mshindo unaokaribia mara 950 ya nguvu ya uvutano wa dunia. Kikipewa milimita 30 za sponji ya kusagika, mshindo unashuka hadi mara 95. Kanuni yenyewe ilikataza kichwa cha bandia kilichomo ndani ya kofia kisipate zaidi ya mara 275. Tofauti baina ya mauti na uhai, basi, ni upana wa vidole viwili vya povu la plastiki. Wala dereva asidhani kwamba kilomita 27 kwa saa ni mwendo wa kobe usiomhusu, kwa sababu kinachopimwa ni mwendo wa kichwa kinaposhuka kuigonga ardhi, na mwanguko wa kutoka kwenye kiti cha pikipiki watosha kuukaribia mwendo huo hata pikipiki ikiwa imesimama.

Lakini elimu haikusimama hapo. Mwaka 1943 mwanafizikia wa Oxford aitwaye Holbourn, aliyefanya kazi pamoja na Cairns, alitengeneza mifano ya ubongo kwa jelatini, akatambua jambo lililochukua zaidi ya nusu karne kutiwa maanani na watengeneza kofia: kwamba mshindo wa moja kwa moja hauudhuru ubongo kama unavyoudhuru ule wa kuzungushwa ghafla. Shika dafu, ulizungushe kwa nguvu mara moja. Kifuu hugeuka kwanza na maji hubaki nyuma. Ndivyo fuvu linavyogeuka likauacha ubongo, na katika kuachana huko nyuzi nyembamba za fahamu na mishipa midogo ya damu huvutwa hadi ikakatika, ingawa mfupa wa nje haukupata hata ufa. Na mtu wa pikipiki aghalabu haanguki wima. Huteleza, huigusa lami kwa pembe, na lami huikamata kofia na kuizungusha.

Aliyelishika jambo hilo kwa dhati ni Hans von Holst, daktari wa upasuaji wa ubongo wa taasisi ya Karolinska nchini Sweden, ambaye mwaka 1996 alishirikiana na mhandisi Peter Halldin wa taasisi ya kifalme ya teknolojia ya Stockholm. Hao wawili walitia ndani ya kofia tabaka jembamba linaloweza kuteleza kwa milimita 10 hadi 15 kuelekea upande wowote, ili kofia ikikamatwa na lami izunguke yenyewe kidogo na kukiacha kichwa kiendelee na njia yake. Toleo jipya la Kanuni namba 22, lijulikanalo kama 22.06, sasa linadai kofia ipimwe pia kwa mshindo wa pembe na kwa mzunguko. Na vyombo vimezidi kuwa na ujuzi: kompyuta zimejengewa ubongo wa hesabu ambao waweza kugongwa mara elfu bila mtu kudhurika, wachezaji wa raga wa kiwango cha juu huvaa vikinga meno vyenye vipimo vinavyomwarifu tabibu kando ya uwanja kila kichwa kinapotikiswa kupita kiasi, na waendesha pikipiki wa mashindano ya MotoGP tangu mwaka 2018 wanalazimika kuvaa mavazi yenye mfuko wa hewa, ambao hujaa kabla mwili haujaifikia ardhi, kwa amri ya vihisio vinavyotambua kwamba dereva amekwisha kutengana na chombo chake.

Pamoja na sifa zote hizo, elimu hii ina upungufu ambao haifai kuufumbia macho, nao ni kwamba mwili ilioupima kwa muda mrefu ulikuwa wa mtu mmoja. Mwanasesere mashuhuri wa majaribio ya magari, aitwaye Hybrid III, aliyetolewa mwaka 1976, aliumbwa kwa kimo na uzito wa mwanamume wa wastani wa Kimarekani. Na ilingojewa hadi mwaka 2022 ndipo mhandisi Astrid Linder wa Sweden na wenzake walipomwonyesha ulimwengu mwanasesere aliyejengwa kwa umbo la mwanamke wa wastani. Ikiwa mwanamke wa Stockholm amengoja kiasi hicho, seuze mama wa Mbagala au wa Kisumu, anayekaa nyuma ya bodaboda na mtoto mgongoni na kikapu mkononi.

Tuje basi kwetu. Bodaboda, chombo kilichoanza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, leo ndicho kinachompeleka mjamzito kliniki, mwanafunzi shuleni na mgonjwa zahanati, mahali ambapo daladala na matatu havifiki; vijana wetu kwa maelfu wanapata riziki yao juu yake, na hatutaki kukisema kwa dharau. Lakini tazama kijiwe chochote. Kofia moja amevaa dereva, ukanda wake ukining'inia shingoni bila kufungwa. Ya pili, ikiwa ipo, imetundikwa kwenye kioo cha pembeni au kiwikoni, ikingojea kituo cha askari ndipo ipande kichwani. Wengine huvaa kofia za mafundi ujenzi, zilizotengenezwa kwa ajili ya kitu kinachomwangukia mtu kutoka juu, zisizo na ile sponji ya kusagika tuliyoieleza. Na jioni, watu wakitoka kazini, hupakiwa mishikaki, abiria wawili au watatu juu ya kiti kimoja, ambao hata kama sheria ingewahurumia, kofia za kuwatosha hazipo.

Mwulize abiria kwa nini hataki kofia, atakujibu kwa unyoofu: ina jasho la mtu mwingine, inanuka, anaogopa chawa, imelala juani tangu asubuhi na ndani yake ni moto, na tena jana tu amesuka nywele kwa gharama na kwa saa nyingi. Majibu hayo yamezoea kuchekwa, na wenye mamlaka huyachukulia kuwa ukaidi. Mimi nasema ni hati kamili ya kazi, aliyoiandika mteja kumkabidhi mhandisi. Anadai kofia nyepesi yenye matundu ya kupitisha hewa, yenye bitana ya ndani inayovuliwa na kufuliwa, yenye nafasi ya nywele zilizosukwa bila kulegea kichwani, na kwa bei isiyomfilisi dereva. Hapana hata sharti moja katika hayo linalopita uwezo wa wahandisi wanaosomeshwa katika vyuo vyetu. Nchi ya Vietnam, yenye joto kama la pwani yetu na pikipiki nyingi kupita zetu, ilikabiliwa na madai hayo hayo. Ikatengenezwa kofia nyepesi kwa ajili ya nchi za joto, na sheria ilipoanza kutumika tarehe 15 Desemba 2007 ikimhusu kila dereva na kila abiria katika kila barabara, karibu watu wote wakavaa kwa muda mfupi, jambo ambalo waliokuwa wakisema kwamba haliwezekani walilishuhudia kwa macho yao.

Faida yake haina shaka tena. Mapitio ya mwaka 2008 ya jumuiya ya watafiti ya Cochrane, yaliyokusanya tafiti 61 kutoka nchi mbalimbali, yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki aliyeanguka kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Laiti ingekuwa dawa yenye nguvu kiasi hicho, tungeliiagiza kwa meli, tungeliigawa bure katika zahanati, na mtu mwenye kuuza ya bandia tungelimpeleka mahakamani. Lakini kofia bandia, yenye gamba jembamba na kitambaa kilichogundishwa moja kwa moja chini yake, inauzwa peupe kando ya barabara, na anayeinunua haipati kinga yoyote isipokuwa kinga ya faini.

Huenda akatokea mwenye kusema kwamba mwisho wa yote siku ya mtu ikifika imefika, awe na kofia ama asiwe nayo. Huyo na akumbuke mafundisho mashuhuri ya Mtume kwa yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu: aliamriwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Kutwaa hadhari si kushindana na kadari, kwani hata hiyo akili iliyogundua sponji ya kusagika ni katika neema alizojaaliwa mwanadamu, na kuiacha bila kuitumia ni kufuru ya neema.

Kwa hiyo mashirika ya viwango ya nchi zetu yasitosheke na kuziona kofia kwenye makaratasi ya bandarini. Yazikusanye kutoka madukani na vijiweni, yaziangushe katika mnara wa majaribio, yapime mshindo, na kutangaza majina ya zilizofaulu na zilizoanguka. Vyuo vinavyofundisha uhandisi tiba viwape wanafunzi kofia ya abiria wa bodaboda kuwa kazi yao ya mwaka, kwani chuma cha kujengea mnara huo kipo na vihisio vyake si ghali tena. Serikali ziondoe ushuru kwenye kofia iliyothibitishwa, na ziikamate isiyothibitishwa. Na vyama vya bodaboda vifanye kofia ya pili iliyo safi kuwa sharti la kupata nafasi kijiweni.

Nawe msomaji, kesho utakaposimamisha bodaboda, idai kofia yako kabla hujapatana bei, itazame kama ina sponji nyeupe ndani, ivae hadi ikukae barabara, kisha ufunge ukanda wa kidevuni, maana kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Dereva akikwambia kwamba hana ya pili, mwachie njia yake, ungoje mwingine.